Umemaliza JKT na hukuchukuliwa: namna ya kuchagua kazi ya uraiani ukiwa Kigoma

Kila kundi la kujitolea linapomaliza mkataba, steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Wanatoa kopi ya cheti cha JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), wanalipa, halafu hawaondoki. Wanaegemea kaunta na kuanza: "Kaka, niende chuo cha ufundi VETA au nisubiri majina ya walioitwa jeshini?" "Bodaboda inalipa?" "Hivi mtu na kidato cha nne chake akalinde geti?" Majibu ninayotoa ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika. Ukija, nitakupa karatasi hii usome kwanza, maswali yatakayobaki tutaongea.

Huu ni mwongozo wa kijana aliyejitolea, akamaliza miaka yake miwili, akarudi nyumbani bila kuajiriwa na chombo chochote. Uwe umetoka Bulombora, Mtabila, Kanembwa, Msange kule Tabora au kambi ya mbali zaidi, ni mamoja. Wale wa mujibu wa sheria, yaani mliopelekwa baada ya kidato cha sita, mna chuo kinachowasubiri, nendeni. Askari mstaafu wa JWTZ, jeshi letu la ulinzi, naye atapata chake humu, na kwenye hatua ya sita nimemwekea neno la peke yake.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Cheti halisi cha JKT, na kopi tano. Usikilaminishe. Mashine ikizidi joto wino unaharibika, na cheti cha pili si kitu cha kupata wiki moja.
- Vyeti vyenyewe vya NECTA (Baraza la Mitihani). Karatasi ya matokeo haikubaliki kwenye maombi ya serikalini. Kama cheti chako bado kiko shuleni kwa sababu ya deni la dawati, kalimalize hilo deni.
- Cheti cha kuzaliwa cha RITA.
- Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa).
- Barua pepe ambayo neno lake la siri unalijua wewe, siyo binamu yako wa Dar es Salaam.
- Daftari dogo na kalamu.
- Chakula na mahali pa kulala kwa miezi miwili. Hapa wengi mna nyumbani, mshukuru.

Kuhusu NIDA, sisi wa Kigoma tusijidanganye. Tunaishi mpakani, na maswali ya uraia tunaulizwa kuliko mtu wa Dodoma. Ukifika ofisini uwe na karatasi za wazazi, na ikiwezekana za babu na bibi, pamoja na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Anza na hilo leo, kwa sababu bila namba hiyo laini ya simu ni shida, akaunti ya benki ni shida, na maombi ya kazi hayaendi.

Hatua ya 1: Weka tarehe ya kuacha kusubiri

Sikwambii uache kuomba jeshi. Omba kila tangazo linapotoka: JWTZ, Polisi, Magereza, Uhamiaji, Zimamoto na Uokoaji. Wengi wanasahau Jeshi la Uhifadhi, yaani walinzi wa wanyamapori na misitu wa TANAPA, TAWA, TFS na Ngorongoro, ilhali hifadhi za Gombe na Mahale ziko mkoani kwetu. Ninachokukataza ni kukaa barazani ukifungua simu kila saa kuona kama majina yametoka.

Chukua daftari. Andika umri wako. Chini yake andika ukomo wa umri uliotajwa kwenye tangazo la mwisho la kila chombo kwa elimu yako, maana ukomo wa mwenye kidato cha nne si ule wa mwenye shahada. Toa. Hiyo ndiyo miaka uliyobakiwa nayo kwa kila mlango, na kwa wengi ni michache kuliko walivyodhani. Kisha andika tarehe moja: kuanzia siku hii, jeshi likiniita nitakwenda, lakini litanikuta kazini.

Angalizo: vyombo hivi haviuzi nafasi. Atakayekupigia akijiita ofisa wa makao makuu, akitaka laki tatu "za kushika namba", ni tapeli hata kama anazitaja kombania yako (kikosi chako kambini) na operesheni yako (jina la kundi mliloingia nalo) bila kukosea. Taarifa hizo mlizimwaga wenyewe kwenye makundi ya WhatsApp.

Hatua ya 2: Andika ulichofanya kambini, kazi kwa kazi

Hapa usiharakishe. Ndiyo hatua ninayopoteza nayo muda mwingi kwenye kaunta, kwa sababu kijana akiulizwa alifanya nini miaka miwili anajibu, "Nilikuwa jeshi." Mwajiri wa uraiani hajui hilo lina maana gani. Yeye anajua stoo, jiko, shamba, geti, gari na ukuta.

Alikuja binti mmoja, wasifu wake umeandikwa sentensi moja: "Nimepitia mafunzo ya JKT." Nikamuuliza alikuwa anafanya nini baada ya kwata. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeona haya, alipangwa jikoni. Nikamuuliza maharage ya mchana wanaweka motoni saa ngapi. Akajibu papo hapo, akaendelea: kuni wanazipanga vipi usiku ili asubuhi zisisumbue, mchele wa watu mia nne unapimwaje, unajuaje kuwa sufuria ya ugali imezidi maji kabla hujaanza kusonga, nani anasaini stoo unga ukitoka. Mtu huyo ameendesha jiko kubwa kuliko hoteli nyingi za mjini hapa, na alikuwa anataka kuomba kazi ya kuuza vocha.

Basi chukua ukurasa mmoja kwa kila kazi na uandike:

- Kazi yenyewe kwa lugha ya kawaida. "Lindo" iandike "ulinzi wa usiku wa ghala na lango, pamoja na kuandika kitabu cha makabidhiano". "Nilikuwa shamba" iandike "kupanda, kupalilia na kuvuna", kisha utaje zao. Waliopita Bulombora wamefanya kazi kwenye michikichi. Usiliache hilo nje ya karatasi mkoa huu.
- Ukubwa wake: watu wangapi, ekari ngapi, magunia mangapi, tofali ngapi kwa siku. Andika unachokumbuka kwa hakika, usibuni.
- Zana ulizoshika kwa mkono wako. Kuendesha trekta na kusimama kando ya trekta ni vitu viwili.
- Uliongoza nani. Kama ulikuwa kiongozi wa kundi, hata la watu wanane, liandike.
- Ulichukia nini humo. Hili halimhusu mwajiri, ni la kwako. Mwenye kuchukia kukesha asije akajisajili kulinda.

Angalizo: usiandike mambo ya silaha, ramani ya kambi au idadi ya askari. Hayana kazi kwenye wasifu, na ulikula kiapo.

Hatua ya 3: Zunguka uone Kigoma inataka nini

Siku tatu za miguu. Usiulize "kuna kazi?" Uliza "hapa kazi gani inakosa mtu wa kuaminika?" Utashangaa.

Nitataja ninazoziona, na maoni yangu ni yangu.

Ulinzi. Ndio mlango ulio wazi zaidi kwa mwenye cheti cha JKT, SUMAJKT Guard, kampuni ya ulinzi ya JKT, ikiwemo. Mshahara si mkubwa na lindo ni refu, ila ni kazi halali inayokupa barua ya uzoefu na muda wa kusoma. Ichukulie kama daraja. Hatari yake ni mtu kuzoea daraja akajenga nyumba juu yake.

Michikichi. Tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alivyolivalia njuga zao hili mwaka 2018, miche bora ya Tenera imesambaa kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga. Jua kwamba mche huo unahitaji kama miaka 3 ndipo uanze kuzaa, kwa hiyo shamba jipya halitakulisha mwaka huu. Pesa ya karibu iko kwenye kukamua, kununua mise (kokwa za chikichi) na kuuza, sabuni, na vibarua vya kuhudumia mashamba ya watu.

Dagaa na migebuka. Nenda Kibirizi au Katonga alfajiri mitumbwi inapoingia. Kabla hujatia mtaji kumbuka mambo mawili: mbalamwezi ikiwa kali uvuvi wa taa unalala, na mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Anayetegemea ziwa peke yake lazima awe na chakula cha miezi hiyo.

Reli na bandari. Mkataba wa reli ya kisasa, SGR, ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Kazi kama hiyo hutaka wasuka nondo, wachomeleaji, madereva wa mitambo, walinzi na wapishi. Bandarini mzigo wa Bujumbura, Uvira na Kalemie haukosi, na kuna kazi moja ambayo vijana hawaioni: wakala wa forodha. Chuo cha Kodi kinatoa cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki. Kijana mwenye nidhamu ya makaratasi na Kifaransa cha kuombea maji, mfanyabiashara wa Kongo atamtafuta kwa jina.

Mashirika ya wakimbizi. Zamani kambi za Nyarugusu na Nduta zilikuwa ndoto ya kila mtu. Warundi wanarejea kwao na kazi zinapungua. Ukipata, fanya. Usipange maisha juu yake.

Ufundi wa umeme, uchomeleaji, friji, pikipiki. Gridi ya Taifa imeshafika mkoani, na karakana zinaongezeka. Kwa mtu asiye na mtaji, mimi ningeanzia hapa.

Bodaboda. Najua mlikuwa mnaisubiri. Fanya hesabu kwanza: toa pesa ya kila siku unayompelekea bosi mwenye pikipiki, mafuta, oili, tairi, na siku za mvua za huku kwetu zinazokulaza ndani. Kinachobaki ndicho mshahara wako. Ukiingia mkataba wa pikipiki kuwa yako baada ya muda, uandikwe, usainiwe mbele ya mtendaji, na kadi ya pikipiki uione kwa macho. Na leseni ya daraja A uwe nayo siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Chagua mbili, uzijaribu kwa mwili

Kati ya ulizoziona chagua mbili tu. Moja iwe inafanana na ulichofanya kambini, nyingine iwe unayoitamani. Kila moja ipe wiki mbili za kazi kweli, kuanzia wanapofungua hadi wanapofunga.

Namna ya kuomba kwa fundi au mwenye biashara: nenda asubuhi kabla hajapata wateja, usiende kundi la watu watatu, na useme hivi:

"Shikamoo fundi. Naitwa fulani, wa mtaa fulani, nimemaliza JKT mwaka huu. Naomba nikusaidie wiki mbili bila malipo, nione kama kazi hii ninaiweza. Nitawahi na nitafanya usafi. Nikikushinda, uniambie niondoke."

Wengi watakubali, kwa sababu sifa moja mliyotoka nayo kambini inajulikana hadi Ujiji: mnawahi.

Kila jioni andika mistari minne kwenye daftari. Leo mwenye kazi ameingiza kiasi gani, kwa makadirio yako. Nini kiliharibika na nani alikitengeneza. Saa ngapi nilianza kutazama saa. Nilijifunza nini ambacho jana nilikuwa sikijui. Wiki mbili zikiisha, soma kurasa zote kwa mkupuo. Kazi ambayo ulikuwa unatazama saa tangu saa nne asubuhi imeshakujibu. Ile ambayo mwenyewe umeijaza maswali kwenye ukurasa, hiyo iendee.

Angalizo: wiki mbili ni wiki mbili. Mwezi wa pili bila malipo ni kutumiwa. Siku ya mwisho uliza wazi, "Fundi, nikiendelea utanipa nini kwa siku?"

Hatua ya 5: Tafuta karatasi ya kazi uliyoichagua

Zingatia mpangilio: karatasi inafuata kazi. Ukianza na kozi kabla ya kujaribu, unaweza kumaliza ushonaji na kugundua mgongo wako hautaki kukaa.

- Kama hujui kazi kabisa, VETA Kigoma ina kozi ndefu na fupi. Uliza pia kuhusu mafunzo ya uanagenzi (kujifunza ukiwa kazini) yanayolipiwa na serikali, tangazo lake huwa linapita haraka.
- Kama kazi unaijua ila huna cheti, mathalani ulikuwa muashi kambini miaka miwili, omba urasimishaji wa ujuzi kupitia VETA. Unapimwa kwa vitendo, unapewa cheti, hurudi darasani miaka.
- Unayetaka uhifadhi, angalia Taasisi ya Mafunzo ya Wanyamapori Pasiansi, Mwanza. Mwenye JKT na cheti cha Pasiansi anaeleweka haraka.
- Udereva wa magari makubwa na ya abiria unataka madaraja yake ya leseni na mafunzo yanayotambulika, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) wakiwemo. Leseni ya njia ya mkato itakuumbua kwenye usaili wa kwanza watakapokupa gari urudi kinyumenyume.

Hatua ya 6: Pesa

Fupi tu. Usimwuzishe mzazi kiwanja ili ufungue biashara uliyoijua wiki mbili. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ipo, na vijana wametengewa asilimia 4, lakini ni ya vikundi. Chagua wenzako kama unavyochagua wa kukaa naye lindo moja. Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kali, ipishe.

Mstaafu wa JWTZ, shikamoo. Mafao ya mkupuo yakiingia, ndugu na mafundi wa mashine za kusaga watajua kabla ya mkeo. Pesa ikae benki miezi sita wakati wewe unafanya hatua ya 4 kama kijana. Ukiona aibu kumsaidia fundi wa umri wa mwanao, hiyo biashara usiifungue.

Hatua ya 7: Omba kama raia

Kazi za serikali hupita Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Barua iwe na saini yako, vyeti viwe vimethibitishwa na mwanasheria, na majina kwenye NIDA, NECTA na cheti cha kuzaliwa yafanane herufi kwa herufi. "Yusufu" na "Yusuph" ni watu wawili mbele ya kompyuta. Kama yametofautiana, shughulikia hati ya kiapo mapema.

Wasifu usizidi kurasa mbili. Weka kurasa zako za hatua ya 2, zilizofupishwa. Wadhamini wawe watu wanaopokea simu: yule fundi wa wiki mbili ni mdhamini mzuri kuliko diwani asiyekukumbuka.

Kwenye usaili kaa kwenye kiti kama mtu wa kawaida. Mama wa rasilimali watu si afande, na ukimpigia mguu sakafuni atacheka, kisha atajiuliza kama utaweza kuongea na wateja. Jibu kwa sentensi mbili tatu. "Ndiyo" na "hapana" peke yake zilitosha kambini.

Ukikwama

*Baba anasema nisiguse kazi yoyote, nisubiri jeshi.* Mwoneshe ile hesabu ya umri ya hatua ya 1. Mzee wa Kiha hubishana na mtoto, habishani na namba. Asipokuelewa, mtume mjomba.

*Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili.* Kazi ya kambini ni uzoefu ukiuandika vizuri. Omba. Kama tangazo linataka taaluma ambayo huna, achana nalo.

*Fundi ananituma maji na chapati tu, hanifundishi.* Siku tatu za kwanza ni kawaida. Wiki ikipita, mwambie, "Fundi, leo naomba nishike mashine ukiwa unaniangalia." Akikataa mara mbili, aga kwa heshima uende karakana nyingine.

*Kazi mbili zote zimenishinda.* Rudi hatua ya 3, chagua nyingine mbili. Ila tazama daftari kwanza: kama kwenye zote ulianza kuchoka baada ya kukaripiwa, shida ni kukaripiwa, na huko uraiani kupo.

*Naona aibu kulinda mtaani kwetu.* Omba kituo cha Kasulu au Kibondo.

*Nina mtoto mdogo, siwezi kwenda wiki mbili mfululizo.* Nenda nusu siku kwa mwezi mmoja. Mwambie mwenye kazi mapema, usimfiche.

*Nimeitwa jeshini nikiwa katikati ya kozi.* Soma barua ya wito, hakiki kwenye tangazo rasmi la chombo husika, kisha uende chuoni uombe kuahirisha kwa maandishi na ubaki na nakala yenye muhuri. Kopi nitakutolea.